Lango lililowakataa wenyeji: kisa cha strpos na anwani ya kurudi

Malalamiko yenyewe yalikuwa madogo. Mwanafunzi anabofya kiungo cha somo kwenye barua pepe, tovuti inamtaka aingie kwanza, anaandika nywila, halafu badala ya kufikishwa kwenye somo anajikuta ukurasa wa mwanzo. Inambidi alitafute somo upya. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna ukurasa mweupe, na kwenye logi za seva kila ombi limejibiwa 302 (yaani "nenda anwani hii nyingine") kama kawaida. Kasoro ya namna hii hukaa muda mrefu, kwa sababu kila anayeiona hudhani ndivyo tovuti ilivyopangwa.

Tovuti ni ya kozi za mtandaoni, PHP upande wa seva na JavaScript kidogo upande wa kivinjari. Hapa nitaiita masomo.example, na ya adui nitaiita mwizi.example. Mwisho wa .example ulitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo hakuna mwenye domeni atakayesingiziwa.

Anwani ya kurudi ilisafiri ndani ya parameta iitwayo `rudi`. Nywila ikishakubaliwa, uamuzi ulikuwa huu:

```php
$rudi = $_GET['rudi'] ?? '';

if (strpos($rudi, 'https://masomo.example')) {
    header('Location: ' . $rudi);
} else {
    header('Location: /nyumbani');
}
exit;
```

Nia inasomeka. Ikiwa ndani ya anwani limo jina la tovuti yetu, mpeleke mtu huko. Kama halimo, mpeleke nyumbani. Aliyeandika alijua kabisa kwamba parameta huweza kuandikwa na yeyote, na ndiyo maana akaweka ukaguzi. Wengi hawauweki.

Tatizo ni kwamba `strpos` haiulizwi "imo?" Inaulizwa "iko wapi?" Inatafuta stringi (kipande cha maandishi) fupi ndani ya stringi ndefu na kurudisha nafasi inapoanzia, ikihesabu kuanzia sifuri. Isipoipata inarudisha `false`. Sasa tazama anwani halali:

```php
strpos('https://masomo.example/kozi/12',
       'https://masomo.example'); // 0
```

Imepatikana, tena mwanzoni kabisa. Lakini ndani ya `if`, PHP huhesabu 0 kuwa si kweli. Mwanafunzi mwaminifu anapelekwa nyumbani. Wapo wanaodhani toleo la 8 lilimaliza mambo haya kwa kubadilisha kanuni za ulinganisho; lilibadilisha namna namba inavyolinganishwa na stringi, lakini `0 == false` ni kweli mpaka leo.

Malalamiko yameshaelezeka, na ripoti nyingi zingefungwa hapo. Ila jaribu kuuliza: je, ni anwani gani inayopita?

```php
strpos('https://mwizi.example/?x=https://masomo.example',
       'https://masomo.example'); // 25
```

Ishirini na tano. Namba yoyote isiyo sifuri ni kweli, kwa hiyo mtu huyu anapelekwa moja kwa moja kwa mwizi. Ukaguzi haukuwa dhaifu tu, ulikuwa umegeuzwa juu chini: kila anwani inayoanza na jina letu inakataliwa, na kila anwani ngeni iliyolibeba jina hilo kwa ndani inakubaliwa. Ni kama mlinzi anayemzuia mwenye nyumba na kumfungulia yeyote aliyeandika jina la mwenye nyumba mgongoni mwa shati lake.

Hatari yake si ya nadharia. Kiungo kinachoanza na `https://masomo.example/ingia?rudi=` kinaonekana safi kwenye ujumbe wowote. Mtu anaingia kwenye tovuti halisi, kwa nywila halisi, kisha anahamishiwa ukurasa wa mwizi uliofanana na ule wa kwanza na kuambiwa "nywila si sahihi, jaribu tena". Wachache sana wataitazama tena sehemu ya anwani, maana walishaitazama mwanzo na ilikuwa sawa.

Marekebisho yaliyofunga tiketi

Msanidi aliyepewa malalamiko aliona sifuri mara moja, akafanya kile ambacho mwongozo wa PHP wenyewe unasisitiza:

```php
if (strpos($rudi, 'https://masomo.example') !== false) {
```

Alama tatu, si mbili, ili 0 isichanganywe na `false`. Wanafunzi wakaanza kufika kwenye masomo yao, tiketi (rekodi ya malalamiko) ikafungwa. Tundu la mwizi likabaki vilevile. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini katika kisa kizima, maana hakuna aliyekuwa mzembe. Dalili iliondoka kweli. Msimbo ukawa sahihi kama jibu la swali "je, stringi hii imo ndani ya ile?" Swali lenyewe ndilo halikuwa la kuulizwa hapo. Kilichotakiwa kujulikana ni kama anwani hii itampeleka mtu kwenye seva yetu, na kuwepo kwa jina mahali fulani ndani ya maandishi hakusemi lolote kuhusu hilo. Jina linaweza kukaa kwenye njia, kwenye parameta, baada ya alama ya reli (`#`), hata mahali pa jina la mtumiaji.

Miezi michache baadaye seva ilihamishiwa PHP 8. Toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, lilileta funksheni ambazo watu walikuwa wakijiandikia wenyewe kwa miaka: `str_contains`, `str_starts_with` na `str_ends_with`, zote zikijibu kweli au si kweli, bila habari ya nafasi. Mstari ukaandikwa upya, na safari hii jina la tovuti likatolewa kwenye mipangilio ili mazingira ya majaribio yawe na lake:

```php
if (str_contains($rudi, getenv('TOVUTI'))) {
```

Inapendeza kusoma. Lakini kwenye seva ya majaribio hakuna aliyeiweka `TOVUTI`. `getenv` isipopata kitu hurudisha `false`. PHP isiyo na `strict_types` (agizo la kukataa thamani za aina isiyotarajiwa) huigeuza `false` kuwa stringi tupu. Na stringi tupu imo ndani ya kila stringi. `str_contains('chochote', '')` ni kweli, na si kasoro ya PHP, ndivyo hesabu ya mifuatano inavyotaka. Matokeo yake ni kwamba kwenye majaribio kila anwani ilipita, na majaribio yote yakawa ya kijani, kwa sababu yote yalikuwa yakipima kwamba anwani nzuri inapita. Hakuna hata moja lililopima kwamba mbaya inakataliwa.

Kabla ya toleo la 8, `strpos` yenye sindano tupu (sindano ni ile stringi fupi inayotafutwa) ilitoa onyo na kurudisha `false`. Tangu 8.0 inarudisha 0 kimya kimya. Kwa hiyo hata msanidi angebaki na `strpos` na alama zake tatu, kuhama toleo peke yake kungetosha kulifungua lango lile lile pale mpangilio unapokosekana.

Upande wa kivinjari

Ukurasa wa kuingia ulikuwa pia na kidirisha kidogo cha JavaScript kwa wale wanaoingia bila kuondoka kwenye ukurasa. Ukaguzi ukanakiliwa:

```js
const rudi = new URLSearchParams(location.search).get('rudi');

if (rudi.indexOf('https://masomo.example') > -1) {
  location.href = rudi;
}
```

`indexOf` ina mtego wake, tofauti na ule wa PHP. Isipopata hurudisha -1, na -1 ndani ya `if` ni kweli. Mtu akisahau `> -1`, anapata ukaguzi unaokubali kila kisichokuwemo na kukataa kilicho mwanzoni. Hapa haikusahaulika. Wengine hupenda kuandika `~rudi.indexOf(...)`, ujanja wa biti unaogeuza -1 kuwa 0, mimi nikiukuta kwenye ukaguzi wa msimbo huuomba uondolewe, kwa kuwa tangu ES2015 (toleo la JavaScript la mwaka 2015) ipo `includes` na inasomeka na kila mtu. (Jina lililokusudiwa kwanza lilikuwa `contains`. Likaachwa baada ya kuonekana kwamba linavunja tovuti zilizotumia maktaba ya MooTools.)

Kinachoumiza ni kwamba upande huu tundu lilikuwa kubwa zaidi. Kichwa cha `Location` kutoka kwenye seva hakiendeshi msimbo, ila `location.href` huendesha anwani za `javascript:`. Weka hii kwenye `rudi`:

```
javascript:iba()//https://masomo.example
```

Jina letu limo. Ukaguzi unapita. Kivinjari kinaendesha `iba()` ndani ya ukurasa wetu wenyewe, kikiwa na haki zote za mtumiaji aliyeingia sekunde moja iliyopita, na sehemu iliyobaki inahesabiwa kuwa maelezo tu kwa sababu ya zile mshazari mbili. Hapo mwizi hahitaji hata kutengeneza ukurasa wa kuigiza.

Na mpangilio uliokosekana? JavaScript hufanya kinyume cha PHP. `rudi.includes(undefined)` hutafuta neno "undefined" lenyewe, herufi tisa, na kwa kawaida halipo. Uzembe mmoja, lugha mbili. Moja inafungua kila kitu, nyingine inafunga kila kitu. Anayeandika pande zote mbili kwa siku moja hawezi kutegemea mazoea.

Kutoka "imo" hadi "inaanza na"

Tundu lilipotambuliwa hatimaye, pendekezo la kwanza lilikuwa la kueleweka: tuhakikishe anwani inaanza na jina letu.

```php
str_starts_with($rudi, 'https://masomo.example')
```

Hii inamkataa mwizi wa 25. Haimkatai huyu, wala huyu:

```
https://masomo.example.mwizi.example/
https://masomo.example@mwizi.example/
```

Wa kwanza ni domeni ndogo ya mwizi, ambaye yuko huru kuziita domeni zake ndogo jina lolote. Wa pili anatumia kanuni ya zamani ya anwani: kilicho kabla ya `@` ni jina la mtumiaji, seva ni kinachofuata. Zote mbili zinaanza na herufi zetu, hazipungui hata moja.

Ukiongeza mshazari mmoja mwishoni, `'https://masomo.example/'`, zote mbili zinakufa, kwa kuwa mshazari huo unafunga sehemu ya seva kabla mwizi hajapata pa kuandika. Herufi moja ina kazi kubwa kiasi hicho. Kama tovuti ingekuwa na domeni moja tu, ningependekeza waishie hapo na waendelee na maisha yao. Ilikuwa na ya pili, mtihani.masomo.example, na mtu akaja na wazo la kutazama mwisho wa jina la seva kwa `str_ends_with($seva, 'masomo.example')`. Hiyo inaikubali `simasomo.example`, ambayo mtu yeyote anaweza kuisajili. Lazima nukta iwemo: `'.masomo.example'`, na domeni kuu ikaguliwe peke yake kwa usawa kamili.

Jaribio lililofuata lilikuwa kuitenganisha anwani kwa `parse_url`, kuchukua seva, na kuilinganisha na orodha. Kimsingi hii ndiyo njia: acha kutafuta stringi ndani ya stringi, vunja anwani vipande na ulinganishe kipande kinachohusika. Lakini anayeivunja lazima aivunje kama atakavyoivunja kivinjari, na hapo `parse_url` haifai. Mfano:

```
https://mwizi.example\@masomo.example/
```

Vivinjari, kwa kanuni za WHATWG (kikundi kinachoandika viwango vya wavuti), huuhesabu mshazari wa kinyume kwenye anwani za https kuwa sawa na wa kawaida, kwa hiyo seva ni mwizi.example. `parse_url` hailijui hilo. Inaona kila kilicho kabla ya `@` kuwa jina la mtumiaji, na inasema seva ni masomo.example. Mwongozo wake unaonya kwamba haikutengenezwa kuthibitisha anwani. Upande wa JavaScript hali ni nafuu, maana `new URL(rudi).hostname` hufuata kanuni zile zile zinazofuatwa na kivinjari. PHP yenyewe ilipata kitu cha namna hiyo ilipofika toleo la 8.5, darasa la `Uri\WhatWg\Url`.

Walichoamua

Hawakungoja 8.5. Waliuliza kwa nini anwani isafiri kwenye parameta kabisa. Mtu anapozuiwa mlangoni, seva inajua tayari alikuwa anakwenda wapi, kwa hiyo iandike kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva humwekea kila mgeni:

```php
$_SESSION['rudi'] = $_SERVER['REQUEST_URI'];
```

na baada ya kuingia:

```php
$njia = $_SESSION['rudi'] ?? '/nyumbani';

if (!str_starts_with($njia, '/')) {
    $njia = '/nyumbani';
}
header('Location: https://masomo.example' . $njia);
exit;
```

Jina la seva linaandikwa na sisi, kila mara, na mgeni hagusi ila njia. Mshazari unakaguliwa kwa sababu ile ile ya juu: bila huo, njia inayoanza na `.mwizi.example` au `@mwizi.example` ingejishika kwenye jina letu na kulibadilisha.

Mtu anaweza kuona kuandika jina zima la seva ni kujichosha, kwamba `header('Location: ' . $njia)` ingetosha. Haitoshi. Ombi la `https://masomo.example//mwizi.example` linaweka `//mwizi.example` kwenye `REQUEST_URI`, na anwani inayoanza na mshazari mbili kwa kivinjari maana yake ni "seva nyingine, itifaki ile ile". Inaanza na mshazari, ukaguzi unapita, na mtu yuko kwa mwizi. Jina la seva likitangulia, ile mshazari ya ziada inabaki kuwa njia mbovu tu yenye kuishia 404.

Gharama ipo. Mwenye vichupo viwili ambavyo havijaingia atajikuta cha pili kimefuta kumbukumbu ya cha kwanza. Walikubali. Kwa mtihani.masomo.example waliweka ufunguo mfupi kwenye sesheni unaotafutwa kwenye jedwali la domeni mbili. Kidirisha cha JavaScript kiliacha kusoma `rudi`. Sasa huomba njia kutoka kwa seva.

Strpos nyingine zote

Kisha wakatafuta `strpos`, `indexOf` na `includes` katika msimbo wote. Hapa ndipo kazi ilipokuwa na faida kuliko marekebisho yenyewe.

Majukumu ya watumiaji yalihifadhiwa kama stringi moja yenye koma: `mwalimu,msimamizi`. Mahali fulani palikuwa na `if (strpos($majukumu, 'mwalimu'))`, kasoro ile ile ya sifuri, na ndiyo sababu baadhi ya walimu walikuwa wakilalamika kwamba kitufe cha kusahihisha kinawapotea. Ungeongeza `!== false` ungemfungulia pia `mwalimu_msaidizi`, ambaye hakupaswa kukiona. Jibu ni kuvunja stringi kwa `explode` na kutumia `in_array('mwalimu', $orodha, true)`. Angalia mpangilio: kwenye `in_array` kinachotafutwa kinatangulia, kwenye `strpos` kinafuata. Ukivigeuza kwenye `strpos` hupati kosa lolote, unapata tu jibu lisilo sahihi.

JavaScript ina balaa la kimya zaidi hapa. `majukumu.includes('mwalimu')` hufanya kazi kwenye stringi na kwenye safu (orodha ya vitu), kwa maana mbili tofauti: kwenye stringi ni "imo popote", kwenye safu ni "ipo sawasawa". Mtu wa seva akibadilisha majukumu kutoka safu kuwa stringi, hakuna kitakachovunjika kwa sauti. Wasaidizi wataanza kuona vitufe vya walimu, basi.

Upakiaji wa picha ulikagua kama jina la faili lina `.jpg`. `shambulio.jpg.php` lina `.jpg`. Hilo lilirekebishwa siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana na kabla ya mkutano. Palikuwa pia na ukaguzi wa kivinjari uliotafuta neno "Safari" kwenye utambulisho wake ili kuwapa watumiaji wa Safari mtindo maalumu. Chrome na Edge nazo hujitambulisha zikiwa na neno hilo ndani, kwa hiyo karibu kila mtu alikuwa akiupata. Ulifutwa, na hakuna aliyegundua tofauti.

Kilichobaki bila kuguswa sana ni kisanduku cha kuchuja majina ya kozi. Hapo swali kweli ni "je, alichoandika mtu kimo ndani ya jina?", na `includes` ndiyo hasa inayotakiwa. Kiliongezewa vitu viwili. Pande zote mbili zinapitishwa kwanza kwenye `toLowerCase()`, kwa kuwa `includes` hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Na zinapitishwa kwenye `normalize('NFC')`, kwa sababu herufi kama é huweza kuhifadhiwa kama alama moja au kama e ikifuatwa na alama ya mkazo. Machoni ni kitu kimoja, kwa `includes` ni viwili, na kozi moja ya Kifaransa ilikuwa haitafutiki na mtu yeyote aliyeandika jina lake kwa usahihi. Kisanduku kikiwa tupu kinaonyesha kozi zote, bila mstari wowote wa ziada, kwa kuwa stringi tupu imo ndani ya kila jina.